Intaneti ya kasi haijaondoa haja ya seva ukumbini

Kila mkongo mpya unapotua pwani yetu, kauli ile ile hurudi kwenye vikao vya waandaaji wa mashindano ya gemu: sasa intaneti ni nzuri, habari ya kuhangaika na seva ukumbini imepitwa na wakati. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, na Januari 2025 ikafungua kituo chake cha kuunganisha jijini Nairobi, jambo lililopunguza sana muda wa data kwenda na kurudi. Mkongo wa 2Africa umekwishafika pwani ya Kenya na Tanzania. Huduma ya 5G inazidi kuenea mijini. Hizi zote ni habari njema, na anayecheza nyumbani kwake Kisumu au Dar es Salaam anaona tofauti. Hitimisho linalotolewa ndilo lenye kasoro. Mashindano yanayofanyika ukumbini, wachezaji wakiwa wameketi mita chache kutoka kwa wapinzani wao, yanahitaji mechi zichezwe kwenye mtandao wa ndani ya ukumbi huo huo, bila kutegemea intaneti, na haja hiyo haipunguzwi na kasi ya mkongo wala setilaiti. Tena kinachotuzuia leo si teknolojia. Teknolojia ipo na inatumika. Imefungiwa kwa wachache, na sisi hatumo.

Tuanze na jambo lenyewe. Mtandao wa ndani, ambao wachezaji huuita LAN, ni kitu chepesi: kompyuta zinaunganishwa kwa kebo kwenye swichi moja, na kompyuta mojawapo inafanya kazi ya seva, yaani ndiyo inayoamua nani kapiga kwanza, nani kafa, nani kashinda. Amri ya mchezaji inatoka kwenye meza yake, inapita kebo ya mita kumi au ishirini, inafika kwenye seva na jibu linarudi, kwa kawaida chini ya milisekunde 2. Waliosoma chuo miaka ya Counter-Strike 1.6 wanaijua hali hii bila kuambiwa. Hosteli nzima ilikuwa inacheza kwa kebo za kuungaunga zilizopita dirishani, na hakuna aliyekuwa na bando. Vivyo hivyo kwenye vibanda vyetu vya gemu, ambako ndiko wengi tulikojifunzia: televisheni moja, padi mbili, mechi kwa jero, anayefungwa anampisha mwenzake. Hakuna seva ya ng'ambo inayoulizwa ruhusa. Mchezo mzima uko mle ndani, na ukibishana kuhusu bao, ushahidi uko mbele ya macho ya watu wote.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa mashindano ya kisasa. Gemu ya StarCraft ilitoka mwaka 1998 ikiwa na uwezo wa kuchezwa kwenye mtandao wa ndani, na Wakorea wakaijengea ligi, vituo vya televisheni na wachezaji wa kulipwa. Kisha Julai 2010 ikatoka StarCraft II bila uwezo huo. Kampuni ya Blizzard ilikuwa imeshatangaza mwaka mmoja kabla kwamba mchezo utapita kwenye huduma yake ya Battle.net tu, na wachezaji wakapeleka maombi mengi ya kuupinga uamuzi huo bila mafanikio. Kilichofuata ni miaka ya fainali kukatika huku watazamaji wakiwa wamejaa ukumbini na kuimba kwa sauti moja kwamba wanataka LAN. Mwaka 2013, pamoja na toleo la Heart of the Swarm, Blizzard iliongeza uwezo wa kuendeleza mechi iliyokatika kutoka kwenye kumbukumbu yake. Ulikuwa msaada wa kweli, lakini tazama umetatua nini. Umekubali kwamba mechi zitakatika, ukatafuta namna ya kuziunga.

League of Legends ilipata somo lake Oktoba 2012 mjini Los Angeles. Robo fainali ya kombe la dunia, Team WE ya China dhidi ya CLG.EU ya Ulaya, ilikatika zaidi ya mara moja kwa sababu ya intaneti. Watu waliofika kutazama walikaa kwa saa nyingi wakitazama skrini zisizosogea, na mwisho mechi ikaahirishwa ichezwe siku nyingine. Hii ilikuwa Marekani, kwa kampuni iliyokuwa imeweka dola milioni 1 kwa timu bingwa, kwa hiyo haiwezekani kusema tatizo lilikuwa umaskini wa vifaa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2015, The International, mashindano makuu ya gemu ya Dota 2, ilisimama Seattle, jirani kabisa na makao ya kampuni ya Valve yenye gemu hiyo, kwa sababu ya shambulio la DDoS: mtu au watu waliumiminia mtandao maombi mengi ya uongo hadi ukashindwa kuhudumia mechi.

Halafu ikaja Februari 2024, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wamesoma vibaya. Ligi ya Korea ya League of Legends, LCK, inachezwa Seoul kwenye ukumbi wa LoL Park uliojengwa kwa kazi hiyo. Februari 25, mechi ya Dplus KIA na DRX ilisimamishwa mara kwa mara kwa shambulio la DDoS, na siku chache baadaye likatokea tena. Waandaaji wakalazimika kurekodi mechi bila mashabiki na kuzionyesha baadaye. Wachambuzi wengi waliandika kwamba hiyo ni habari ya usalama wa mtandao, kwamba ligi zinatakiwa zinunue kinga bora zaidi. Mimi nasoma jambo tofauti. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zenye intaneti bora kuliko zote duniani, na ukumbi ule una mafundi na bajeti ambavyo hakuna mwandaaji wa kwetu anayeweza kuviota. Kama intaneti nzuri ingekuwa dawa, pale ndipo ingefanya kazi. Na dawa iliyofanya kazi mwishoni haikuwa intaneti bora zaidi. LCK na Riot Games, kampuni yenye gemu hiyo, waliweka seva isiyounganishwa na intaneti, mashabiki wakarudi kwenye viti, ligi ikaendelea. Seva ile haikuwa ndoto ya wanaharakati wa gemu. Ilitengenezwa na ikawekwa ukumbini ndani ya muda mfupi, pale kampuni ilipoona hasara iko mlangoni kwake.

Kwa hiyo swali la kweli baada ya Seoul ni hili: nani mwingine amepewa seva hiyo? Mwandaaji wa Kampala anayetaka kuendesha shindano la timu nane za League of Legends hawezi kuipakua mahali popote. Wala wa Dar, wala wa Lubumbashi. Sisi tunaambiwa tununue bando kubwa zaidi.

Na kwetu bando kubwa lina mpaka wake, ambao hauwekwi na kampuni ya simu bali na umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako gemu nyingi zina seva zao za karibu kabisa na sisi, ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, hata kama mkongo ungenyooka kama uzi na kusiwe na kifaa chochote njiani, ni milisekunde 25. Uhalisia ni zaidi ya hapo, kwa sababu mkongo unafuata bahari na data inapita vituo vingi. Gemu ambayo seva yake ya karibu iko Frankfurt inaanzia zaidi ya milisekunde 60 kwa hesabu hiyo ya mwanga peke yake, na mchezaji wa Nairobi au Dar huona pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ya zaidi ya milisekunde 100. Sasa weka hesabu hiyo ndani ya mchezo. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde humpa mchezaji picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Mwenye pingi ya 120 anaona dunia iliyokwishapitwa na picha kadhaa, na adui anayemwona mlangoni huenda ameshatoka. Hakuna fundi wa kuondoa umbali huo. Ni kama Simba na Yanga wacheze Uwanja wa Benjamin Mkapa, lakini kila pasi ipitie kwanza Johannesburg ndipo imfikie mchezaji aliyesimama hatua tano pembeni.

Kibaya zaidi ni kwamba umbali huo haulipwi sawa na wote. Nimekaa kwenye kumbi ambako kila mchezaji alikuja na simu yake na bando lake. Mmoja yuko kwenye mtandao huu, mwenzake kwenye ule, watano wanachangia hotspot ya rafiki yao aliyekaa nyuma. Ukipita nyuma ya viti unaona namba ya pingi kwenye kona ya skrini: huyu 70 ya kijani, huyu 95, yule wa mwisho 210 nyekundu, naye ameinua simu juu ya kichwa akitafuta mnara kabla mechi haijaanza. Wote wamelipa kiingilio kilekile. Huyo wa 210 akitoka raundi ya kwanza, matokeo yataandikwa kwamba alishindwa, na hakuna mahali kwenye jedwali panapoonyesha kwamba alikuwa anacheza gemu nyingine kabisa.

Hayo ni ya siku ambazo intaneti ipo. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom iliharibika kwa pamoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakabaki na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Miezi michache kabla, Februari, mikongo ilikatika Bahari ya Shamu, na Septemba 2025 ikakatika tena huko huko. Mbali na ajali za baharini, kuna kuzimwa kwa makusudi: Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, Tanzania kuanzia Oktoba 29, 2025. Kuzimwa kwa intaneti kuna madhara mazito kuliko gemu, na sitaki kuyafanya madogo. Ninachosema ni kwamba mwandaaji wa kanda hii anayepanga fainali miezi minne kabla, akakodi ukumbi, akalipa nauli za timu kutoka mikoani, ana hatari halisi ya kukuta siku hiyo hakuna kitu. Jenereta anayo, kwa sababu umeme tumeshajifunza kutouamini. Kwa intaneti hana cha kufanya, hata angekuwa na fedha, ikiwa gemu yenyewe inakataa kufunguka bila kuiuliza seva ya mwenye nayo.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Nianze na ile dhaifu, kwa sababu ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba uwezo wa kucheza bila intaneti hufungua mlango wa wizi wa gemu. Mwaka 2010 hoja hii ilikuwa na uzito kiasi. StarCraft II ilikuwa inauzwa, na watu walikuwa wanatumia programu za kujifanya wako kwenye mtandao mmoja ili wacheze nakala za wizi. Lakini tazama gemu zinazojaza mashindano leo: League of Legends, Dota 2, PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile, na Counter-Strike tangu Desemba 2018. Zote zinapakuliwa bure. Ni nani atakayeiba kitu kinachotolewa bure? Fedha zao zinatokana na mavazi na mapambo ya wahusika, na hakuna anayenunua vazi la dola 20 ili aonekane nalo kwenye mechi ya nusu fainali iliyofungiwa ukumbini Arusha. Counter-Strike yenyewe ni ushahidi wa kinyume. Valve imeacha miaka yote mtu yeyote aweze kuendesha seva yake, na mashindano yake makubwa huchezwa kwenye seva zilizo ukumbini, na gemu hiyo haijafa wala kufilisika. Ni miongoni mwa zile zenye wachezaji wengi zaidi duniani.

Sababu halisi, kwa maoni yangu, iko Korea ya miaka ile ile. Kwa kuwa StarCraft ya kwanza ilichezeka bila kumuuliza mtu, chama cha mashindano ya gemu cha Korea, KeSPA, na vituo vya televisheni viliendesha ligi, na mwaka 2007 KeSPA ikaanza kuuza haki za matangazo, Blizzard ikiwa nje. Ugomvi ulifika mahakamani, na ulimalizwa kwa makubaliano Mei 2011. StarCraft II isiyo na LAN ilizaliwa katikati ya ugomvi huo. Sisemi kampuni haina haki. Waliotengeneza gemu wanastahili mgawo wao, na KeSPA ilifanya makosa kuwapita. Lakini kudai mgawo ni kazi ya mkataba na mahakama. Kushikilia swichi ya kila mechi inayochezwa duniani ni kitu kingine. Ukishashika swichi hiyo, unaamua si nani analipa tu bali nani anacheza, wapi, na hadi lini. Kampuni ikiamua kuzima seva, mashindano yote ya gemu hiyo yanaisha siku hiyo hiyo, hata kama kuna watu elfu kumi wanaotaka kuendelea. Overwatch ya kwanza ilizimwa hivyo Oktoba 2022, na The Crew ya Ubisoft ikazimwa Machi 31, 2024 ingawa watu walikuwa wameinunua kwa fedha zao. Upande mwingine kuna Super Smash Bros. Melee, gemu ya mwaka 2001 ya kifaa ambacho hakitengenezwi tena. Nintendo haijawahi kuipenda sana jamii ya mashindano yake, lakini bado inachezwa kwenye kumbi zilizojaa, kwa sababu inahitaji umeme, televisheni na padi mbili.

Hoja ya udanganyifu inastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Wanasema mifumo ya kugundua wadanganyifu inaishi kwenye seva za kampuni, na ukikata intaneti umeizima. Ni kweli kwa sehemu. Pia ni kweli kwamba LAN haimfanyi mtu kuwa mwaminifu: Oktoba 2018, kwenye mashindano ya eXTREMESLAND mjini Shanghai, mchezaji wa OpTic India alikutwa akitumia programu ya kulenga shabaha katika Counter-Strike, akiwa ukumbini kabisa. Lakini angalia alivyokamatwa. Mwamuzi alisimama nyuma yake, akaikagua kompyuta yake mechi ikiendelea, na jaribio lake la kuificha programu likaonekana na watu. Linganisha na Machi 2024, fainali za Amerika Kaskazini za Apex Legends zilizochezwa kwa intaneti kila mtu akiwa kwake. Katikati ya mechi mtu wa nje aliwawekea wachezaji wawili wakubwa, Genburten na ImperialHal, uwezo wa kudanganya ambao hawakuuomba. Mmoja ghafla akawa anaona wapinzani kupitia kuta. Mashindano yakaahirishwa. Ulinzi bora wa mchezo wa haki ni kompyuta za mwandaaji, zilizosafishwa kabla, zisizo na njia ya kutoka nje, na macho ya mwamuzi. Mifumo ya kampuni iendelee kufanya kazi nyumbani ambako hakuna mwamuzi.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya watetezi wa intaneti wanaosema mashindano ya mtandaoni yamewapa nafasi watu wasiokuwa nayo. Hapa nakubaliana nao bila kusitasita. Kijana wa Kigoma au Bukavu asingeweza kulipa nauli na gesti kila wikendi ili ajaribu bahati yake jijini. Kwa mechi za mchujo za mtandaoni anacheza kwao, na wengi tusingewajua bila njia hiyo. Wasichana pia, ambao mara nyingi hawajisikii salama kwenye vibanda na kumbi zilizojaa wavulana, wamepata mlango. Anayetaka LAN kila mahali, kuanzia raundi ya kwanza, anataka kurudisha gemu mikononi mwa watoto wa mijini wenye wazazi wa kuwalipia. Sitetei hilo. Ninachotetea ni kwamba, ukishamleta kijana huyo wa Kigoma kwa basi la saa zaidi ya ishirini hadi ukumbini, una wajibu wa kumpa mazingira sawa na mpinzani wake. Safari yake inakuwa bure ikiwa akifika anarudi kutegemea mnara ule ule aliouacha nyumbani, tena sasa akigombania na simu nyingine mia mbili ndani ya jengo moja.

Simu ndiyo sehemu ngumu ya hoja yangu, kwa sababu gemu za kwetu ni za simu. Shindano la PUBG Mobile kwa kawaida lina timu 16 za watu wanne, simu 64 katika mechi moja, na simu haina tundu la kebo ya mtandao. Hata hivyo tatizo hili ni dogo kuliko linavyoonekana. Simu nyingi zenye USB-C zinakubali adapta ya kuunganisha kebo. Pale isipowezekana, rauta kadhaa zilizopangwa vizuri, kila moja na masafa yake na idadi yake ya simu, hubeba mechi moja bila shida ikiwa data haitoki nje ya ukumbi. Na kwamba gemu ya simu inaweza kuchezwa bila intaneti si jambo la kubuni: maelfu ya vijana wetu wamecheza Mini Militia darasani na kwenye daladala kwa hotspot ya mtu mmoja, bila kutumia hata MB moja ya bando. Gemu ya watu 64 ni nzito zaidi ya hiyo, na seva yake inahitaji kompyuta yenye nguvu, lakini ni kompyuta ambayo inaweza kukodiwa mjini. Kinachokosekana ni programu ya seva, na hiyo iko kwa mwenye gemu.

Wapo watakaosema kampuni haiwezi kugharimika kwa ajili ya soko dogo kama letu. Gharama ya kutunza toleo la pili la seva ipo, siikatai. Kila toleo jipya la gemu linahitaji lijaribiwe pande zote mbili. Lakini toleo hilo tayari linatunzwa kwa ajili ya ligi kubwa. Kilichobaki ni utaratibu wa kuligawa, na utaratibu huo ni rahisi kuufikiria: mwandaaji anasajiliwa, anapewa kifurushi cha seva chenye ufunguo unaofanya kazi kwa siku chache za shindano, kinathibitishwa kwa intaneti mara moja kabla ya ufunguzi, kisha kinajitegemea hadi fainali. Baada ya hapo ufunguo unakufa na matokeo yanatumwa kwa kampuni. Haki zake zimelindwa, takwimu zake amezipata, na ikiwa mkongo umekatika katikati ya nusu fainali, kinachopotea ni matangazo ya moja kwa moja, ambayo yanaweza kurekodiwa na kupandishwa baadaye. Mechi yenyewe haiguswi.

Kwa sasa, ukosefu wa utaratibu huo umeshaamua kimyakimya tunakuwa hodari katika nini. Tekken imekuwa na mizizi Nairobi kiasi cha kumtoa Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018. Gemu za mpira wa miguu zina mabingwa kila mtaa kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Si bahati kwamba zote mbili huchezwa watu wawili wakiwa mbele ya skrini moja, bila intaneti. Pale ambapo gemu yenyewe inaruhusu mazoezi ya haki kwa gharama ndogo, vipaji vimejitokeza. Kwenye gemu za timu za kompyuta, ambako fedha na majukwaa makubwa ya dunia yapo, hatuonekani, na tumezoea kusema ni kwa sababu vijana wetu hawana kompyuta. Kompyuta ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba timu ya kwetu haijawahi kucheza hata mwezi mmoja katika hali ambayo timu ya Seoul inaiona ya kawaida, kwa hiyo inapofika kwenye mashindano ya kimataifa inakutana na kasi ya mchezo ambayo haijawahi kuizoea mikononi.

Waandaaji wetu wana nguvu zaidi ya wanavyodhani, kwa sababu kampuni zote hizi zinalitaka soko la vijana wa Afrika na zinatafuta majina ya mashindano ya kuyawekea nembo zao. Hadi sasa tumekubali nembo, fulana na zawadi za mapambo ya ndani ya gemu. Mkataba wowote wa udhamini kutoka kwa mwenye gemu uwe na kipengele cha kwanza kinachosema seva ya mashindano itatolewa kwa ajili ya fainali za ukumbini. Vyama vinavyosajiliwa kwenye mabaraza ya michezo, BMT kwa Tanzania na mengine kwa majirani, viandike kwenye kanuni zao kwamba shindano haliitwi la taifa ikiwa fainali yake ya ukumbini imechezwa kwenye seva ya nchi nyingine. Na mwandaaji anayechagua gemu za msimu ujao aanze na swali moja kabla ya kuangalia idadi ya wachezaji au ukubwa wa zawadi: gemu hii itafunguka rauta ikichomolewa? Dar, Nairobi, Kampala na Kigali zikiuliza swali hilo kwa barua moja yenye sahihi nne, kampuni itakayojibu kwa kutoa seva ndiyo ipewe jukwaa kuu, na zitakazokataa zibaki kwenye mechi za mchujo hadi zitakapobadili msimamo.